"Mlipuko" au "mmweko" wa mionzi ya gama?

SWALI: Nafundisha fizikia wilayani Chamwino, na jioni huwaeleza wanafunzi habari za anga kwa Kiswahili. Juzi niliandika ubaoni: "Setilaiti imegundua mlipuko wa gama." Mwanafunzi mmoja akauliza, setilaiti imeuonaje huo mlipuko? Je, neno hilo linafaa?

JIBU: Mwalimu, nipongezee huyo mwanafunzi. "Mlipuko" si kosa, lakini hutaja kinachotokea kule kwenye chanzo. Kinachoifikia setilaiti ni mionzi isiyoonekana kwa macho, inayokuja ghafla kisha ikatoweka.

Kwa hali hiyo tuna kitenzi "kumweka", yaani kutoa nuru ya ghafla kama umeme wa radi. Hapa Dodoma, mvua za Desemba zinapokaribia, ukitoka nje usiku unaona upande wa Bahi kunamweka, na ngurumo hata huisikii. Yaliyotokea mawinguni hujayaona, umeona mmweko. Ngeli yake ni ya mti: mmweko, mimweko.

Historia yenyewe inaliunga mkono neno hili. Mwaka 1967 setilaiti za Vela za Marekani zilikuwa angani zikichunga majaribio ya mabomu ya nyuklia. Zilitumwa kutafuta milipuko, zikanasa mimweko isiyotoka duniani wala kwenye Jua! Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1973, chanzo kilikuwa bado fumbo. Sasa tunajua kwamba mimweko mingi mirefu hutokana na nyota kubwa inapojiporomokea, na kwamba ipo mifupi inayotokana na nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) kugongana na kuungana. Urefu huo ni wa muda, na mpaka wake ni kama sekunde 2. Kinachopimwa kwa sekunde hizo ni kumweka.

Nenda hata ndani ya kifaa. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, ina vihisi vya fuwele za iodidi ya sodiamu. Mwonzi wa gama ukiipiga fuwele, nayo humweka kidogo, na vifaa vya umeme huhesabu vimweko hivyo na kupima ukali wake. Napenda sana jinsi neno moja linavyofaa huko angani na humo ndani ya chombo.

Kuhusu "kugundua", waachie Vela, kwa kuwa kabla yao hakuna aliyejua jambo hilo lipo. Swift, setilaiti iliyorushwa mwaka 2004, na Fermi hunasa. Mmweko wa tarehe 9 Oktoba 2022, mkali kuliko mingine yote iliyowahi kupimwa, ulinaswa na zote mbili baada ya mionzi yake kusafiri takriban miaka bilioni 2.

Kwa hiyo ubaoni andika: "Setilaiti imenasa mmweko wa mionzi ya gama." Somo likifika kwenye nyota iliyopasuka, hapo "mlipuko" ndipo mahali pake.