Laver au Djokovic? Jinsi ya kupima mabingwa wa tenisi wa zama tofauti

Ubishi wa mpira wa miguu barazani una mwisho. Timu zitakutana, mtu ataumbuka, kesho yake atakuja kunywa kahawa kimya kimya. Wa tenisi hauna mwisho huo. Rod Laver wa miaka ya 1960 hatakutana na Novak Djokovic wa siku hizi, Margaret Court hatasimama mbele ya Serena Williams, na buli la kahawa linakauka watu wako palepale walipoanzia. Hapo hushinda mwenye sauti kubwa, na silaha yake ni moja tu: "Djokovic anayo 24, huyo Laver wako 11. Yamekwisha, sheikh."

Hayajesha. Idadi ya makombe ya mashindano makubwa ni kama idadi ya samaki aliorudi nao mvuvi: kabla ya kumsifu au kumcheka, uliza alitoka siku ngapi, kwa chombo gani, na bahari ilikuwaje. Chukua karatasi, andika majina mawili mnayobishania, kisha jaza majibu ya maswali haya kabla hujataja kombe hata moja.

La kwanza ndilo zito kuliko yote: alikuwa akiruhusiwa kuingia? Hadi mwanzoni mwa 1968 mashindano makubwa manne, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Aliyesaini mkataba wa kulipwa alifungiwa mlango. Laver alitwaa yote manne 1962, akaingia kwenye tenisi ya kulipwa, na kuanzia 1963 hadi 1967 hakugusa hata moja. Ni miaka mitano, mashindano 20, naye ana umri wa miaka 24 hadi 29, umri ambao mchezaji wa tenisi huwa moto khasa. Mlango ulipofunguliwa 1968 alishinda Wimbledon mwaka uleule, na 1969 akatwaa tena yote manne. Tangu hapo hakuna mwanamume mwengine aliyeyakusanya yote ndani ya mwaka mmoja.

Sasa mtazame aliyebaki ndani ya mlango. Roy Emerson ana makombe 12, moja zaidi ya Laver. Kwa hesabu ya baraza, Emerson ni mkubwa wa Laver. Lakini 10 kati ya hayo 12 aliyapata baada ya Laver kuondoka. Si kusema Emerson hakuwa kitu. Fainali mbili za 1961, ya Australia na ya Marekani, alimpiga Laver huyohuyo. Ila mwaka uliofuata Laver alimpiga yeye kwenye fainali tatu. Ken Rosewall ni mfano mwengine: bingwa wa Ufaransa 1953, akaenda kwenye kulipwa, akarudi mlango ulipofunguliwa na kuwa bingwa wa Ufaransa tena 1968. Miaka 15 katikati! Pancho Gonzales, yeye ana makombe mawili tu ya Marekani, 1948 na 1949, kwa sababu baada ya hapo alikwenda kulipwa. Anayempima Gonzales kwa mawili anapima mlango, hampimi mtu.

Swali la pili: aliingia mara ngapi? Zamani Australia ilikuwa mbali na fedha yake haikuwavuta wengi, basi mabingwa wakubwa waliiruka bila wasiwasi. Björn Borg alikwenda mara moja tu, 1974. Alicheza mashindano makubwa 27 katika maisha yake na kushinda 11, karibu asilimia 41. Pete Sampras alishinda 14 kati ya 52, Roger Federer 20 kati ya 81. Chris Evert hakucheza Ufaransa 1976, 1977 na 1978, na huo ndio uwanja wa udongo, mahali ambapo kati ya 1973 na 1979 alishinda mechi 125 mfululizo. Hesabu mwenyewe alichokiacha.

Lakini hesabu hii ya kugawa ina mtego. Inampendelea anayeondoka mapema. Borg alistaafu akiwa na miaka 26, kwa hiyo karatasi yake haina miaka ya kushuka. Federer alicheza mashindano haya mpaka karibu na 40 na Serena mpaka karibu na 41, na kila kushindwa kwa uzeeni kunawashushia asilimia. Ukitaka kulinganisha kwa haki, kata karatasi zote kwenye umri mmoja: nani alikuwa na nini alipofika 26?

Tatu, sakafu. Hapa Zanzibar jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu kila mtaa una keram. Ubao uliopakwa poda na ubao mkavu ni michezo miwili. Tenisi nayo ni hivyo. Nyasi ni poda: mpira unateleza, unabaki chini, anayeukimbilia wavuni baada ya sevu, yaani pigo la kuanzisha mpira, anavuna. Udongo ni ubao mkavu: mpira unashikwa, unaruka juu, na mwenye subira ndiye anayekula. Hadi 1974 mashindano matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi. Marekani wakahamia udongo 1975, kisha sakafu ngumu 1978. Jimmy Connors ndiye aliyelitwaa kombe hilo kwenye sakafu zote tatu, 1974, 1976 na 1978. Australia iliacha nyasi 1988.

Hapa mtu wa Djokovic ana haki, mwache aseme. Laver alipotwaa manne alihitaji kujua sakafu mbili. Siku hizi ni tatu, na Djokovic ameyashinda yote manne, kila moja angalau mara tatu.

Hata nyasi zenyewe si zile. Wimbledon walibadilisha mbegu 2001, wakaacha mchanganyiko na kupanda aina moja tu ngumu zaidi, na mpira ukaanza kuruka juu. Jaribio zuri ni kutazama fainali mbili za uwanja uleule: Borg na John McEnroe 1980, ile yenye taibreki (gemu ya kukata seti iliyofungana) ya 18–16 katika seti ya nne, kisha Federer na Rafael Nadal 2008. Katika ya 1980 utamwona Borg, mtu wa udongo, naye anakimbilia wavuni. Katika ya 2008 nyasi zimechakaa nyuma, karibu na mstari, kwa sababu huko ndiko walikosimama. Ukitazama video za zamani, usiutazame mpira. Kamera ya juu na picha hafifu huufanya uonekane wa polepole, na hapo ndipo vijana wanapocheka. Tazama miguu: mchezaji anaanza kuondoka lini, kabla mwenzake hajapiga au baada?

Nne, raketi. Ya mbao ilikuwa na uso wa inchi za mraba 65 hivi na uzito wa kama gramu 370 hadi 400. Za leo uso ni 95 hadi 100, na ni nyepesi zaidi. Uso mdogo una maana kwamba ukikosa katikati kidogo tu mpira unakufa, na ukijaribu kuufuta kwa nguvu kutoka chini kwenda juu unagonga fremu. Ndiyo maana mapigo ya zamani ni ya kunyooka. Kisha zikaja nyuzi za poliesta, alizozitangaza Gustavo Kuerten kwa kushinda Ufaransa 1997: zinateleza, zinarudi mahali pake ghafla, na mpira unaondoka ukizunguka kiasi kwamba unapanda kisha unadondoka ndani ya mstari. Nadal ana makombe 14 ya Ufaransa na rekodi ya kushinda mechi 112 na kushindwa 4 pale. Mpe raketi ya mbao, pigo lake lile halipigiki. Lakini tunapomtoa Nadal kwenye zama zake, yatupasa pia kumpa Laver raketi ya leo na mwalimu wa viungo. Watu hufanya nusu ya kwanza ya jaribio wakasahau ya pili.

(Ukiipata raketi ya mbao kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, ishike, lakini itazame ubavuni kwanza. Unyevu wetu huu hupinda mbao isiyohifadhiwa ndani ya kibano chake cha skrubu nne. Iliyopinda ni pambo la ukutani tu.)

Baada ya hayo yote, kipimo tunachokiamini kuliko idadi ni hiki: aliwaacha wenzake wa zama zake kwa umbali gani? Huhitaji kumvusha mtu zama. Chukua mwaka wake bora. Martina Navratilova 1983: alishinda 86, alishindwa 1. McEnroe 1984: 82 kwa 3. Federer 2006: 92 kwa 5. Djokovic 2011: 70 kwa 6. Steffi Graf 1988 alitwaa yote manne na dhahabu ya Olimpiki juu yake. Kwa kipimo hiki Navratilova anastahili kutajwa mapema sana, na barazani jina lake huchelewa mno.

Bado uliza nani hakuwepo. Monica Seles alikuwa na makombe 8 akiwa na miaka 19 alipochomwa kisu uwanjani Hamburg, Aprili 1993. Aliporudi alipata moja tu. Graf alikuwa na 11 siku ile, akamaliza na 22. Graf hana kosa lolote, lakini 22 hiyo haisomwi bila kisu kile. Na 24 za Court isomwe na 11 za Australia ndani yake, miaka ambayo wengi hawakusafiri, na papo hapo isomwe na 1970, alipotwaa zote nne.

Karatasi hii iweke, kwani wapya wamekwisha kuja. Fainali ya Ufaransa ya 2025, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner, ilianza kwetu kama saa 10 alasiri, ndani ya siku za Idi Kubwa, ikapita magharibi, ikapita isha, ikachukua saa 5 na dakika 29. Ilikatwa kwa taibreki ya pointi 10 katika seti ya tano. Sheria hiyo ilianza 2022. Kabla yake Ufaransa walikuwa wakiendelea mpaka mmoja amzidi mwenzake gemu mbili. Andika na hilo.