Lenzi mbili ndani ya moja: msomaji wa Moshi anauliza

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Rau hapa Moshi, nina studio ndogo ya pasipoti na harusi, nimepata kamera ya mbao ya filamu ya inchi 4x5, haina lenzi, mvukuto (ule mfuko wa kukunjana kati ya lenzi na filamu) ukiuvuta wote unafika kama sentimita 30. Hela yangu ni ya lenzi moja tu. Nataka nipige Kibo asubuhi, afu nataka niwapige wazee wetu picha za uso, zote nyeusi na nyeupe. Nasikia kuna lenzi za kubadilika, unafungua kipande cha mbele inakuwa ndefu. Nimeona mtandaoni Symmar ya milimita 150, mwingine anauza Protar ya zamani, mwingine Turner-Reich anasema hiyo ni tatu kwa moja. Nichukue ipi?
Msomaji, Rau

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kamera. Nimefurahi umenitajia urefu wa mvukuto bila kuulizwa maana wengi wananiandikia majina ya lenzi tu, wakati kwenye haya makamera mvukuto ndo unaoamua, lenzi inafuata.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Hizi lenzi zina vipande viwili, kimoja mbele ya shata, kile kinachofungua na kufunga mwanga, na kimoja nyuma, vikiwa pamoja ni lenzi ya kawaida kali kabisa, ukitoa cha mbele kile cha nyuma kinabaki kinapiga peke yake na kinakuwa kirefu zaidi. Symmar za zamani za Schneider, zile kabla hazijaitwa Symmar-S mwanzoni mwa miaka ya 70, ziliandikwa namba mbili kabisa, 150 inakuwa 265, 135 inakuwa 235, 180 inakuwa 315. Na pale kwenye shata kuna mistari miwili ya f, yaani namba za ukubwa wa tundu la mwanga, wa pili ni wa kijani, huo ndo wa kusoma ukishatoa cha mbele. Usijifanye unajua hesabu ukasema 265 gawanya kwa 150 zidisha 5.6 napata kama f/10, hapana, lenzi yenyewe inasema f/12, kwa sababu kipande cha mbele kilikuwa kinalikuza lile tundu na sasa hakipo. Ukipiga kwa hesabu yako utakosa mwanga karibu nusu stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili), kwa filamu ya bei ile utalia.

Sasa Kibo. Kutoka Moshi mjini mpaka kileleni kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30, na mlima unapanda mita 5,000 hivi juu ya pale unaposimama. Kwa lenzi ya 150 mlima wote utakaa kama sentimita mbili na nusu kwenye filamu, iliyobaki ni migomba na mawingu. Kwa 265 unapita sentimita nne, hapo watu wanauona mlima. Na kwa kitu cha mbali hivyo mvukuto wa sentimita 30 utakutosha japo kwa shida shida, maana kipande cha nyuma kikiwa peke yake kinadai kuvutwa zaidi kidogo ya namba yake.

Shida yako ni wazee. Ukitaka kichwa na mabega kwa lenzi ya 150 kamili utasogea mpaka chini ya mita moja, pua ya mzee itavimba na masikio yatakimbilia nyuma, hatakulipa. Ukisema basi nitoe cha mbele nitumie 265, utasimama mita moja na nusu na ushee, sura itakaa vizuri ila kitu kikiwa karibu mvukuto unavutwa zaidi, utatakiwa karibu sentimita 32 na zaidi, na wewe huna. Hata ukimchukua kuanzia kiunoni bado inakwama kwenye 30 kamili.

Kwa hiyo mi nakwambia uiache 150 na utafute ndugu yake mdogo, 135 inayokuwa 235. Kiunoni mpaka kichwani inataka sentimita 26 na kidogo, una nafasi ya kupumua, kichwa na mabega utabanana lakini fundi seremala yeyote wa hapo Majengo anaweza kukuchongea kibao cha lenzi chenye shingo inayotokeza mbele sentimita tatu nne ukamaliza biashara. Na Kibo kwa 235 bado ni karibu sentimita nne. Sioni unachopoteza. Kama ungekuwa na kamera ya reli, ile inayoteleza juu ya reli ndefu, yenye mvukuto wa sentimita 45 ningekwambia 150 bila kufikiri, au hata 180.

Protar ni lenzi ya heshima, kila kipande kina vioo vinne vimegandishwa na kilitengenezwa kiweze kusimama peke yake, kwa kweli kipande kimoja cha Protar kinaishinda Symmar iliyokatwa nusu. Ila ni kazi ya Zeiss ya tangu miaka ya 1890, nyingi zinakuja kwenye shata zilizochoka. Turner-Reich ina vioo vitano kila upande, na pale gundi inapoanza kuachia pembeni hakuna wa kukurekebishia huku kwetu, mi siigusi bila kuishika mkononi. Hiyo tatu kwa moja ni kwa sababu vipande viwili havilingani urefu, sio muujiza. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams mwaka 1941 alipiga ile picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez kwa kipande kimoja tu cha lenzi ya Cooke ya aina hiyo, kile cha inchi 23, akaweka na filta ya njano. Lakini kamera yake ilikuwa ya filamu ya inchi 8x10, mvukuto wake sio wako.

Ukishaipata, hiyo nusu lenzi ina tabia zake. Ikiwa wazi f/12 ni laini, kwa sura ya bibi inapendeza sana, kwa mlima hapana, funga mpaka f/22 au f/32. Na usifokasi ikiwa wazi halafu ukafunga, fokasi inahama, fokasi kwenye tundu lile lile utakalopigia hata kama kioo cha nyuma unachotazamia kinakuwa giza, ndo maana ya kile kitambaa cheusi kichwani. Filta ya njano inasaidia ukali pia, sio mawingu tu. Halafu ukitoa cha mbele visu vya shata vinabaki wazi, na vumbi letu mnalijua, badilishia ndani ya gari.

SWALI: Mimi niko Sakina Arusha, ninayo Dagor, lenzi nyingine ya zamani ya kubadilika. Nikitumia nusu, nibakize ya mbele au ya nyuma?

JIBU: Dagor pande zote mbili zinafanana kwa hiyo urefu ni ule ule. Weka nyuma ya shata, picha inatoka safi zaidi. Ukiiweka mbele mvukuto utahitajika mfupi kidogo, basi kama kamera yako imekwama unaruhusiwa, ila funga tundu zaidi.