Maswali na majibu: Keria juu ya paa, redio ya setilaiti kimya

Barua za safari hii karibu zote zinahusu paa la gari. Wasomaji walioko Marekani na Kanada wanafunga keria kwa ajili ya likizo, halafu redio ya setilaiti inaanza kukatika mpira ukiwa umenoga. Walioko nyumbani nao wana keria zao na kero zao. Nimeyafupisha maswali, majibu nimeyaacha yaende yanakotaka.

Fundi, shikamoo. Tangu nifunge keria kwenye gari langu, SiriusXM, redio yangu ya setilaiti, inakatika kila nikitoka Portland, Maine, kwenda Boston. Nikikaribia mjini inarudi. Na nikirudi nyumbani jioni inacheza vizuri tu. Nimeambiwa nibadilishe antena. Nibadilishe?
*Mama wa watoto watatu, Portland*

Marahaba, dada. Usibadilishe kitu bado. Antena iliyoharibika haijui unaelekea wapi. Yako inajua, kwa hiyo tatizo si yenyewe.

Setilaiti za redio hii zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, karibu na longitudo za nyuzi 85 na nyuzi 115 Magharibi. Kwa mtu aliyeko Marekani hiyo ni anga ya kusini. Kwenu Portland, ile ya kwanza iko kusini, imepinda kidogo kwenda magharibi, na imepanda angani kama nyuzi 37. Ya pili iko kusini-magharibi, imeinama mpaka nyuzi 23 hivi. Barabara ya I-95 kwenda Boston nayo inaelekea kusini, ikipinda magharibi. Pezi lako la antena liko nyuma ya paa, keria iko mbele yake. Ukienda Boston, vyuma vinasimama katikati ya pezi na setilaiti. Ukirudi, keria inakinga upande wa kaskazini, ambako hakuna cha kukinga.

Masafa yenyewe ni kati ya 2320 na 2345 MHz, maana yake wimbi moja lina urefu wa sentimita 13 hivi. Chuma chenye unene wa vidole viwili vitatu hakilizimi wimbi kama hilo, lakini kinalipunguza nguvu, tena kinalirusha kando, na mawimbi yanayofika antenani kwa njia mbili yanaweza kufutana. Yaliyotoka mbali hivyo hayana nguvu ya kupoteza.

Utauliza, mbona chini ya daraja redio haikatiki? Kwa sababu wahandisi walilifikiria daraja. Matangazo yaleyale yanatumwa na setilaiti zaidi ya moja, moja ikichelewa kwa sekunde chache, na redio inaziba pengo la mmoja kwa mawimbi ya mwenzake. Mbinu hiyo inasaidia kwa kivuli unachokipita. Keria ni kivuli unachosafiri nacho. Na kule kurudi kwa sauti ukikaribia Boston ni kazi ya vituo vya ardhini, vinavyorusha matangazo yaleyale ndani ya miji mikubwa ili majengo marefu yasiwanyime watu redio. Havijali kusini wala kaskazini.

Fanya hivi. Tafuta uwanja wa wazi, mbali na majengo na miti, nje ya mji. Fungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye redio. Redio nyingi zinaonyesha setilaiti na vituo vya ardhini kila kimoja na mistari yake. Angalia mistari ya setilaiti gari likitazama kusini-magharibi, kisha ligeuze. Ikipanda na kushuka kwa kugeuka tu, mwizi ni keria. Sasa legeza vyuma viwili vinavyokatisha paa na usogeze cha nyuma kuelekea mbele. Pima kimo cha chuma kuanzia usawa wa antena, zidisha kwa mbili na nusu: hapo ndipo mahali pa karibu kabisa pa kukiweka. Kikiwa juu ya pezi kwa sentimita 10, kiwe mbele yake kwa sentimita 25 au zaidi. Hesabu hiyo ni ya Maine, ambako setilaiti ya pili imeinama. Angekuwa ndugu yako wa Houston, ile ya nyuzi 85 anaiona ikiwa imepanda nyuzi 53 hivi, na mwendo wa sentimita 8 ungemtosha kwa hiyo.

Spana ya dakika kumi, dada. Pesa ya antena mpya iache benki.

Kaka, mimi naendesha lori la trela. Antena iko kwenye kioo cha pembeni, upande wa dereva. Sina keria yoyote lakini redio inakata nikielekea kaskazini. Wenzangu wananicheka nikisema inategemea barabara.
*Dereva, Columbus, Ohio*

Wacheke, ila una haki. Keria yako ni trela. Lina urefu wa mita nne na kitu kutoka barabarani, liko nyuma yako, na ukielekea kaskazini setilaiti ziko hukohuko nyuma. Antena iliyo usawa wa kioo haiwezi kuona juu yake. Ukielekea mashariki, kusini iko kulia kwako, basi kichwa cha lori chenyewe kinakinga antena ya kushoto. Ndiyo maana vifaa vya malori huuzwa vikiwa na antena mbili, moja kila kioo. Nunua seti hiyo. Kupandisha antena juu ya lile kofia la plastiki la kukata upepo pia kunasaidia, mradi uwe na bamba la chuma la kuweka chini yake, kwa sababu antena hizi ndogo zimetengenezwa zikitarajia chuma chini yao.

Sanduku la mizigo la plastiki juu ya keria linazuia mawimbi?
*Minneapolis*

Plastiki tupu, kidogo sana. Kilichomo ndani ndicho cha kuuliza. Nguo na mahema makavu, hakuna neno. Jiko la chuma, viti vya aluminiamu, madumu ya maji: hivyo ni ukuta. Theluji kavu haisumbui sana, ile iliyoanza kuyeyuka na kukaa juu ya pezi inasumbua. Ifute kwa mkono kabla hujampigia mtu simu.

Nimenunua antena ya sumaku ili nikwepe keria. Sumaku haishiki paa. Nimeuziwa feki?
*Dallas*

Gari lako ni pikapu ya Ford F-150? Kuanzia toleo la 2015 bodi yake ni aluminiamu, na sumaku haina habari na aluminiamu. Kuna vipande vya chuma vya kubandika kwa gundi, kisha sumaku inakaa juu yake. Mawimbi yenyewe hayalalamiki, aluminiamu ni chuma kizuri tu kwao. Iweke mbali na ukingo wa paa na kioo cha juu, usipungue upana wa kiganja. Kama ni kati ya vyuma viwili vya keria vilivyoachana sentimita 70, weka katikati kabisa: chuma chenye kimo cha sentimita 10 kikiwa umbali wa sentimita 35 kinakinga nyuzi 16 za chini tu, na setilaiti zote mbili ziko juu ya hapo. Ila kama keria yako ni kapu la wavu wa chuma, usiipitishe chini yake. Iweke mbele ya kapu, au juu yake kwenye bamba lake.

Waya uupitishe kwenye mpira wa mlango, ukiukunja kwa chini kidogo kabla haujaingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata mpaka darini.

Skrini inaandika "Check Antenna". Nimeshatoa keria yote, bado inaandika.
*Nashville*

Hapo keria haihusiki. Maandishi hayo hutokea redio isipoiona antena kwa umeme: waya umekatika, umebanwa, au plagi imechomoka. Kivuli cha chuma kinaleta ujumbe mwingine, wa kukosa mawimbi. Angalia plagi iliyo nyuma ya redio, kisha chini ya pezi kama maji yameingia. Na mtu akiona inacheza chaneli moja tu ya kujitangaza, nyingine zote kimya, asipande juu ya paa, malipo yameisha.

Mzee, mwaka 2010 nilikuwa na Sirius na keria hiihii, hapahapa Edmonton, bila shida. Sasa inakatika. Keria imezeeka?
*Edmonton, Alberta*

Keria ipo palepale, setilaiti ndizo zilizohama. Sirius ilianza na setilaiti tatu ambazo hazikutulia juu ya ikweta. Zilipita kwa zamu juu sana kwenye anga ya kaskazini, kwa hiyo mtu wa Kanada alikuwa nazo karibu utosini. XM, mshindani wake, ilichagua zile za ikweta. Kampuni zikaungana mwaka 2008, na baadaye upande wa Sirius nao ukahamia kwenye ikweta. Kwenu Edmonton sasa ya karibu haifiki nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, na ya pili ni kama 24. Chuma ambacho zamani kilikuwa chini ya njia ya mawimbi sasa kimo ndani yake. Binafsi naona watu wa kaskazini walipunjwa katika biashara hiyo, lakini hilo si la kutatuliwa na spana. Sogeza vyuma kama nilivyomwambia dada wa Portland.

Jambo fundi. Nimeuziwa gari ya kutoka Marekani. Iko na kitufe cha SXM, yaani SiriusXM, na pezi juu. Nikibonyeza haipati kitu. Nitoe keria?
*Goma*

Jambo sana. Acha keria yako, ubebe mzigo. Kutoka Goma setilaiti zile ziko chini ya upeo wa macho, upande wa pili wa dunia kabisa. Hata ukipanda Nyiragongo hutaziona. Pezi lenyewe usilitupe. Mara nyingi ndani yake mna antena ya GPS pia, na hiyo inafanya kazi dunia nzima.

Je, si kweli kwamba Kenya iliwahi kuwa na redio ya setilaiti? Nakumbuka WorldSpace. Ile ingesumbuliwa na keria?
*Babu wa Mombasa*

Shikamoo, babu. Kweli kabisa, tena Afrika ilitangulia. Setilaiti ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, miaka mitatu kabla XM haijaanza matangazo Marekani. Aliyeianzisha WorldSpace ni Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, na kampuni yake ilikuwa miongoni mwa waliowekeza mapema katika mradi uliozaa XM. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika Oktoba 2008, huduma ikazimika muda si mrefu baadaye, na waliokuwa na redio zile wakabaki na mapambo ya sebuleni.

Kuhusu keria, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. AfriStar ilikaa nyuzi 21 Mashariki, juu ya ikweta, nasi tuko jirani na ikweta. Kutoka Nairobi ilikuwa imepanda nyuzi 70 hivi. Chuma chenye kimo cha sentimita 10 kingelazimika kuwa karibu na antena kwa vidole viwili ndipo kikinge. Adui angekuwa gunia la mkaa lililolazwa juu ya antena. Lakini redio zile kwa sehemu kubwa zilikuwa za mezani, na kiantena chao bapa ulikielekeza kwa mkono.

Nikiwasha taa za LED nilizofunga juu ya keria, FM inakoroma. Nizisogeze mbali na antena?
*Nakuru*

Kusogeza kunasaidia kidogo. Hiki si kivuli, ni kelele: kisanduku cha umeme ndani ya taa kinakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na taa za bei ya kutupa hazina kichujio. Zipe waya wake wa ati mpaka bodini, vika waya wa umeme pete ya feraiti karibu na taa, na usiupitishe sambamba na waya wa antena. Ikigoma, rudisha taa dukani.

Shikamoo fundi. Gari letu la utalii tumelifungia keria mpya. Antena ya redio koli tumeihamishia kwenye ukingo wa keria ili ikae juu zaidi. Sasa ndani ya Serengeti wenzetu hatuwasikii vizuri na wao hawatusikii kabisa. GPS inafanya kazi. Keria inazuia?
*Dereva muongozaji, Arusha*

Marahaba. GPS inafanya kazi kwa sababu setilaiti zake zimetapakaa anga nzima. Chuma kikikinga mbili, zipo nyingine. Ungeizamisha chini ya bamba zima la chuma ndipo ungeona.

Redio koli ni habari nyingine. Fimbo ya VHF ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake, na chuma hicho lazima kiungane na kitako cha antena kwa umeme. Keria mpya imepakwa rangi nene, tena imekaa juu ya mipira. Kwa macho imefungwa imara, kwa umeme inaelea. Chukua mita, pima kati ya kitako cha antena na bodi ya gari. Isiposoma karibu na sifuri, kwangua rangi pale kitako kinapokaa, kisha funga waya mpana wa kusukwa kutoka keria mpaka bodini, boliti ikaze kwenye chuma kitupu, paka grisi juu yake kuzuia kutu.

Halafu tazama majirani wa fimbo. Kwa masafa ya 150 MHz fimbo ya robo wimbi ina urefu wa nusu mita hivi. Ukiifunga ubavuni mwa tairi la akiba na madumu, umeizungushia ukuta unaoifuata njia nzima. Ipeleke kwenye kona ambayo mzigo hauifikii. Mwisho azima mita ya SWR, ile inayopima nguvu inayorudi kutoka antenani. Ikisoma chini ya 1.5 mko salama. Ikisoma zaidi ya 3, nguvu nyingi inarudi redioni badala ya kutoka, na inaweza kuunguza sehemu ya kurushia, kwa hiyo mpaka mpime, sikilizeni tu na kuongea mwongee kwa kifupi.