Tunakuja Unguja na watoto watatu, tulale wapi?

SWALI: Tuko watano: mume wangu, mimi na watoto wa miaka 3, 7 na 11. Tunataka kukaa Unguja siku tano likizo ya Juni. Vyumba vya Jambiani tumeviona ni rahisi kuliko vya Nungwi, ila tunaambiwa huko bahari hukauka. Tuchague vipi?
– Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Mama, Jambiani inawafaa, mradi mzijue saa za maji. Pwani ya mashariki, iliko Jambiani, maji yakipwa huenda mbali kuelekea mwamba, mkabaki na mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, mtu huogelea karibu saa zote, na hilo ni sababu mojawapo ya bei zake kuwa juu. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa nne asubuhi ndipo yanapojaa. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kulipa. Mkiangukia bamvua, kuogelea kuwe alasiri. Asubuhi watoto watembee wamevaa viatu, kwani kwenye mawe kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama.

Sasa chumba. Ulizeni kwanza kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa, na kama kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, imo ndani. Ombeni bei ya wakaazi na mje na vitambulisho. Jibu waliandike kwenye simu, wataje na umri wa watoto: "mtoto halipi" pengine ni yule wa miaka 3 tu, tena akilala kitandani kwenu.

Kitanda cha ziada kinahitaji swali lake. Chandarua kimefungwa darini juu ya kitanda kikubwa. Kile kidogo husogezwa ukutani na mara nyingi hakina pa kutundikia. Ombeni picha ya chumba vitanda vyote vikiwa vimetandikwa. Ulizeni pia maji ya bomba. Visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi, sabuni haitoi povu, na mtoto mwenye ngozi laini hujikuna usiku kucha.

Kwa watu watano tungechukua nyumba ndogo yenye jiko kuliko vyumba viwili vya hoteli. Chai ya asubuhi hotelini huwa imo, lakini chakula cha mchana na cha usiku kwa watano ndicho kinachomaliza pesa. Samaki mtanunua kijijini.

Juni mvua za masika zimekwisha na bei hupanda Julai, basi njooni mwanzoni mwa mwezi. Daladala ya Jambiani ni namba 309, ya Nungwi 116. Boti yenu ya kurudi ikiwa ya asubuhi, usiku wa mwisho laleni Mji Mkongwe, ila ombeni chumba cha chini: ngazi za nyumba za zamani zimesimama wima, nanyi mna mtoto wa miaka 3.