Maswali na majibu: Vuli, mvua na watoto watatu

Shule zimefungwa mwisho wa Oktoba na hazifunguliwi mpaka Januari. Mvua za vuli nazo zimeingia: inanyesha alfajiri, adhuhuri jua linawaka, usiku inarudi tena. Maswali mengi niliyoletewa safari hii yametoka kwa wazazi wenye watoto watatu wadogo, na takriban wote wanauliza jambo lile lile: mikono ni miwili, watashikwaje watatu? Mimi nimewalea watatu hapa Amu, yaani Lamu, waliopishana miaka miwili miwili, na nimesomesha chekechea miaka mingi. Najibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo mwalimu. Nina wa miaka saba, wa minne na wa mwaka na nusu. Tunakaa orofani, vyumba viwili. Mvua ikinyesha hawana pa kwenda. Ikifika saa nne asubuhi wakubwa wanapigana, mdogo analia, nami hata chungu sijakibandika. Nimekuwa mtu wa kupiga makelele kutwa. (Mama wa watatu, Langoni)

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo saa nne, maana umeitaja mwenyewe bila kuijua siri yake. Saa nne ni saa ya njaa. Mtoto aliyekunywa chai na hamri moja saa moja asubuhi, saa nne tumbo liko tupu. Shuleni kengele ingelia, angetoka nje, angekunywa uji. Nyumbani hakuna kengele, kwa hiyo njaa inatoka kwa mlango mwingine: anamvuta mwenziwe nywele. Wape kitu saa tatu na nusu, kabla ya vita. Uji, muhogo wa kuchemsha, ndizi, au embe, na maembe ndiyo haya yanaanza kuingia sokoni. Fanya hivyo siku nne mfululizo uone ugomvi utakaobaki ni kiasi gani.

La pili, usiwatume wakacheze kule ili wewe upike huku. Watoto wa umri huo wanataka kuwa pale ulipo. Wape kazi ya kweli. Juzi nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka minne, nikampa uteo wenye mchele wa nusu kilo achambue. Akiona kijiwe, anakichukua kwa vidole viwili, anakiweka katikati ya kiganja, anainuka, anakuja kunionyesha, anarudi kukaa. Kijiwe kimoja, safari moja. Nusu saa nzima! Mchele mwingine ulimwagika sakafuni tukauokota pamoja, lakini nusu saa hiyo hapakuwa na kilio. Wa miaka saba anaweza kukukamulia tui mikono ikishaoshwa, lakini mbuzi ya kukunia nazi usimwachie peke yake, ule ulimi wake unakata. Wa mwaka na nusu mpe kifuu na kijiko agonge. Beseni la maji usimwekee hata kama maji ni kiasi cha kufunika kiganja, isipokuwa umekaa naye hapo hapo.

La tatu hukuliuliza, lakini naliona ndani ya barua yako: huyo wa miaka minne. Wa kwanza anaambiwa "wewe mkubwa", wa mwisho yuko mgongoni, wa kati hana jina. Wangu wa kati alikuwa akijificha chini ya kitanda kila nilipomwogesha mdogo wake. Wiki kadhaa nilidhani anacheza kibe, nami nikimkaripia atoke nifagie. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifungua macho. Alisema, "Yule hajifichi, anangoja kutafutwa." Siku ile nilikaa nikalia. Tangu hapo kila alasiri nilimtafuta. Nilipita chumba kwa chumba nikimwita, nikijua wazi yuko wapi, na nilipoinua shuka nilimkuta anatetemeka kwa furaha. Baadaye nikawa namchukua yeye pekee kwenda kununua samaki. Dakika kumi za kwenda, kumi za kurudi, mkono wake katika mkono wangu, hakuna mwengine. Vita vya nyumbani vilipungua bila mimi kusema neno. Kila mmoja wa watatu wako anahitaji zamu yake ya namna hiyo, ijapokuwa fupi.

Wakipigana, usiulize nani ameanza. Hutapata ukweli, utapata mashahidi wawili waongo. Watenganishe, mmoja dirishani, mwengine kitandani, mpaka pumzi zitulie. Na siku uliyopiga makelele, usiku waombe radhi. Mama kumwomba mtoto radhi hakumpunguzii heshima, na wao watajifunza kuombana.

Mwalimu, maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo mvua ikinyesha tunakinga kwa mapipa na ndoo. Watoto wote wanalala ndani ya chandarua, lakini mdogo kila siku ana alama mpya za mbu. Tunakosea wapi? (Baba, Mkomani)

Hamkosei usiku, mnakosea mchana. Yuko mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, na huyo hapendi matope ya nje. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba: pipa, mtungi, ndoo iliyosahauliwa nyuma ya mlango. Sisi watu wa Amu tuna sababu ya kumkumbuka. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu huyu, iliingia mji huu, na wataalamu walipopima damu walikuta kiasi cha robo tatu ya watu walikuwa wameipata. Na haukuwa mwaka wa mvua, ulikuwa wa ukame, watu wameweka maji majumbani muda mrefu bila kuyabadilisha. Waliokuwapo wanakumbuka viungo vilivyouma hata mtu akashindwa kushuka ngazi.

Basi pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, kifungwe kwa kamba pande zote. Kifuniko cha bati kilichoegeshwa hakizuii kitu. Ndoo zimwagwe na kusuguliwa ndani kwa brashi mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai yanagandama ukutani mwa chombo, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kiasi cha siku saba hadi kumi. Mdogo anapolala mchana, naye alale ndani ya chandarua. Wazee wetu walifuga visamaki ndani ya birika, lile tangi la maji lililojengwa nyumbani, vikala viluwiluwi vya mbu. Kama nyumba yenu bado ina birika la zamani, virudisheni.

Wanangu ni wa miaka tisa, sita na mitatu. Wakitoka chuoni kusoma Kurani jioni wanakimbilia gatini kuruka majini na wenzao. Baba yao anasema waache, mtoto wa Amu huzaliwa anajua kuogelea. Mimi moyo hautulii. (Mama, karibu na gati)

Dada yangu, moyo wako uko sawa, na baba yao ana nusu ya haki. Kumzuia mtoto wa kisiwani asiingie majini si kumlinda, maana siku atakapoteleza kutoka kwenye mashua hutakuwapo. Lakini hakuna mtoto anayezaliwa anajua kuogelea. Anafundishwa, tena anafundishwa na mtu mzima, si na mwenziwe wa miaka tisa.

Tazama mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua. Siku hizo maji hujaa sana, na kwetu hujaa yapata saa kumi au kumi na moja jioni, saa ile ile watoto wanayotoka chuoni. Ndiyo maana unawaona wamejipanga ukingoni. Yanapendeza kweli, yamefika juu, ni ya kijani, na hakuna mtu mzima asiyewahi kuruka hapo utotoni. Lakini yakishajaa hugeuka, na maji ya bamvua yanapoanza kutoka huwa na mkondo mkali unaovuta kuelekea bahari kuu. Mtoto wa miaka sita aliyeruka wima anaibukia pengine. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana, mkondo ni mdogo. Hiyo ndiyo wiki ya kumfundisha wa miaka sita, na si gatini, kwenye mchanga.

Boti za mashine ni hatari kuliko mkondo. Nahodha anayeingia kwa kasi haoni kichwa kidogo kwenye maji yenye mwanga wa jua la jioni. Waambie pale boti zinapofunga hapaogelewi, bamvua au maji mafu.

Kisha lishike hili hata ukisahau mengine yote: mtoto anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kuitia. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, mikono inasukuma chini kama anayepanda ngazi, na hayo yote ni kimya. Anayelia na kurusha maji bado ana nguvu, wa kumkimbilia kwanza ni aliyenyamaza. Kwa hiyo mtu mzima hakai ukingoni akizungumza huku akitazama simu. Anaingia majini. Na mkiwa na mtu mzima mmoja, watatu hawaingii pamoja. Wawili wanakaa mchangani, mmoja anaogelea, kisha wanapokezana. Wa miaka mitatu akiwa majini, asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Mkivuka kwenda Mokowe au Manda, kila mmoja avae jaketi lake la kuelea kwa kipimo chake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani.

Wa mwisho ana miaka miwili, anaharisha tangu jana. Bibi yake anasema ni maembe, tumnyime maji mpaka tumbo likauke. (Mama, Matondoni)

Usimnyime maji hata saa moja. Kinachomhatarisha mtoto anayeharisha ni kukaukiwa. Chukua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, soma pakiti kwanza, kwa kuwa nyingine ni ya lita 1 na nyingine ya nusu lita. Ikoroge kwenye maji ya kunywa yaliyo salama, na kila akiharisha mpe nusu kikombe hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea polepole. Zahanati wakupe vidonge vya zinki. Kwa mtoto wa umri wake ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na usiviache hata akipona siku ya tatu. Aendelee kunyonya kama bado ananyonya, na kula kama kawaida. Akiwa na damu chooni, macho yamezama, analia bila machozi, amelegea au hataki kunywa, usingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

Na bibi mwambie kwa upole. Embe lenyewe halina kosa, ila lioshwe, na mkono unaolimenya uoshwe kwa sabuni.

Niwape simu wakati wa kula? Bila simu wa miaka mitatu hafungui mdomo. (Mama, Malindi)

Hapana. Anayekula macho yakiwa kwenye simu hajui kama ameshiba wala alichokula. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa 1 kwa siku mbele ya kioo chochote, na wa chini ya hapo asipewe kabisa. Saa hiyo moja msiitumie kwenye sahani. Siku tatu za mwanzo atagoma, vumilieni. Wote watatu wakae kwenye mkeka mmoja nawe ukila pamoja nao. Wa mitatu huiga wakubwa zake.

Mwalimu, mimi ni wa Shela, nimeolewa London. Watoto ni wa miaka sita, minne na miwili. Kwetu vuli ni maembe, huku vuli ni majani kuanguka na giza. Tangu saa zirudishwe nyuma, wanaamka saa kumi alfajiri, na jioni wanalia ovyo. Na bibi yao hatumpati tena kwa simu, kila tukipiga amelala. (Mama, Uingereza)

Pole, mwanangu, nimelisoma lako mara mbili. Huko saa hurudishwa nyuma saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tumbo la mtoto halina habari hiyo. Aliyekuwa akiamka saa kumi na moja sasa anaamka saa kumi. Sogezeni kila kitu, chakula, kuoga, kulala, kwa dakika kumi au kumi na tano mbele kila baada ya siku mbili mpaka mfike. Asubuhi chumba kiwe na giza. Mchana watoeni nje hata kama kuna baridi, wavae vizuri wakakanyage hayo majani, maana mwanga wa mchana ndio unaourudisha usingizi mahali pake. Kwa kuwa jua la vuli huko ni hafifu, mashauri ya afya ya Uingereza ni kuwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apewe mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, na wakubwa zaidi wafikirie kuitumia kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Muulize daktari wenu.

Na la bibi nimelipigia hesabu. Majira ya joto mlikuwa nyuma yetu kwa saa mbili, sasa ni tatu. Mnapompigia saa moja na nusu usiku kama mlivyozoea, huku ni saa nne na nusu, ameshalala. Mpigieni saa kumi na moja jioni. Kwenu giza limeshaingia na ndiyo saa ya kilio, kwetu ni saa mbili usiku, ametoka kuswali isha na ameketi kitandani. Weka simu iegemee kikombe, wakae wote watatu chini ya blanketi moja, umwambie aanze. Yeye aseme "Paukwa!", nao wajibu kwa sauti kubwa, "Pakawa!" Wa miwili ataitikia baada ya wenziwe, na bibi amngoje.