Picha za Wanyama Bustanini: Anza na A, Jicho Lako Likae kwenye Kasi ya Shata

Anayenunua kamera yake ya kwanza hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huliacha gurudumu la modi pale penye Auto ya kijani, ama hurukia M, ambapo kila kitu unapanga mwenyewe, kwa sababu amesikia ndiyo modi ya mafundi. Yote mawili yatamkosesha picha. Njia fupi ni kuanza na A, ambapo unachagua tundu la lenzi, kuielewa vizuri, kisha kuhamia S, ambapo unachagua kasi ya shata (pazia linaloingiza mwanga kwa sehemu ya sekunde), mnyama anapoanza kutembea. Kwenye kamera za Canon modi hizo zimeandikwa Av na Tv. Kwenye Nikon na Sony ni A na S. Kazi ni ile ile.

Bustani ya wanyama ni mahali pazuri pa kujifunzia hili kuliko mbugani. Katika kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964 ndani ya hifadhi ya taifa, simba au duma hupita njia ile ile kando ya uzio mara nyingi. Ukikosea mara ya kwanza, unabadilisha namba moja na kumsubiri arudi. Gari la safari halikupi nafasi hiyo.

Auto kwanza, ili uelewe kwa nini tunaikataa. Ikiona kivuli, kwenye kamera nyingi hufyatua flashi yenyewe. Mwanga wake hugonga waya wa uzio, waya unang'aa kama fedha, na mnyama anabaki nyuma kama kivuli. Isitoshe flashi huwasumbua wanyama, hasa wale walio kwenye vyumba vya giza. Kosa la pili la Auto ni kufokasi, yaani kuweka ukali wa picha, kwenye kitu kilicho karibu zaidi, na kwenye kizimba kitu hicho ni waya. Kwa hiyo zima flashi, na uchague nukta moja tu ya fokasi badala ya kuiachia kamera ichague. Nukta hiyo iweke juu ya jicho la mnyama.

Sasa zungusha hadi A. Hapa wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, kamera inachagua kasi ya shata. Kumbuka kwamba namba ndogo ni tundu kubwa: f/5.6 inaingiza mwanga maradufu ya f/8. Kwenye lenzi za kawaida za wanaoanza, kama 55-250 au 70-300 (huo ni urefu wa lenzi kwa milimita), ukivuta mpaka mwisho tundu kubwa kabisa utakalopata ni f/5.6 au karibu na hapo. Liache hapo hapo, kwa sababu ndilo linalofuta uzio.

Uzio haufutiki kwa tundu peke yake, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Sogeza lenzi karibu na waya kadiri taratibu za bustani zinavyoruhusu, lakini usivuke kamwe kizuizi cha wageni. Vuta lenzi hadi 200 au 250. Msubiri mnyama aondoke kwenye waya, awe mita kadhaa ndani. Kisha tafuta sehemu ya waya iliyo kivulini, maana waya unaopigwa na jua huacha utando mweupe juu ya picha nzima hata ukiwa umepotea machoni. Kama hakuna kivuli, kinga waya kwa kofia au kwa mkono, nje ya pembe ya lenzi. Mnyama akilala huku ameegemea uzio, hakuna modi itakayokusaidia. Nenda kizimba kingine, urudi baadaye.

Tundu kubwa lina gharama yake. Kwa lenzi ya 250 kwenye f/5.6, simba akiwa mita 5 kutoka kwako, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 8 tu kwa kina kwenye kamera ya kawaida yenye sensa (kipokea picha) ndogo. Ukifokasi pua, macho yanapotea. Ndiyo maana tunasisitiza jicho. Mnyama akikaa kimya na uzio haupo, kwa mfano ukiwa kwenye daraja la mbao la Nairobi Safari Walk ukitazama chini, nenda f/8 upate uso wote.

Kinachomponza anayeanza kwenye A ni kusahau kutazama kasi ambayo kamera imechagua. Jua likiingia mawinguni, na Nairobi ya Julai ina mawingu mengi, kamera hushusha kasi kimya kimya hadi 1/60 ya sekunde. Kwenye kioo kidogo cha nyuma picha inaonekana nzuri, nyumbani unakuta imetikisika. Kipimo cha kuanzia ni hiki: kasi isipungue urefu wa lenzi ukizidishwa kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon zenye sensa ndogo. Lenzi ikiwa 250, usishuke chini ya 1/400. Kitulizaji cha lenzi, kile chenye alama IS au VR, kitatuliza mkono wako, lakini hakiwezi kumtuliza nyani.

Dawa ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Juani 200 au 400 inatosha. Chini ya miti mizito, panda hadi 1600 au 3200 bila woga. Chenga, yaani vinukta vinavyoletwa na ISO kubwa, zinavumilika, picha iliyotikisika haitengenezeki. Kamera nyingi zina ISO ya kujipanga yenyewe ambayo unaweza kuiwekea kikomo cha juu na kasi ya chini kabisa. Weka kikomo 3200 na kasi 1/500, kisha ufanye kazi yako kwenye A kwa utulivu.

Kama kamera yako haina mpangilio huo wa kasi, hamia S. Vilevile hamia S mara mnyama anapoanza kusogea. Anayetembea, 1/500. Nyani au mbega anayeruka tawi hadi tawi, 1/1000. Ndege anayepaa, 1/2000. Badili pia fokasi: kutoka ile ya kushika mara moja hadi ile ya kufuatilia, iitwayo AI Servo kwa Canon na AF-C kwa wengine, na uwashe upigaji wa mfululizo. Namba ya tundu ikianza kumeta-meta, kamera inakuambia mwanga hautoshi na picha itatoka giza. Ongeza ISO, au punguza kasi.

Kuna kosa moja ambalo A na S zote hulifanya. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Nyati aliyejaza fremu huonekana amepauka, kwa hiyo shusha mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, hadi -1. Yangeyange mweupe hutoka kijivu. Mpandishe hadi +1. Mbega juu ya mti, nyuma yake anga jeupe, anageuka doa jeusi lisilo na uso, naye anahitaji +1 au hata +1.5.

M ina mahali pake, nalo ni pale mwanga usipobadilika lakini mandhari ya nyuma yanabadilika. Punda milia anayetoka mbele ya ukuta mweusi kwenda kwenye nyasi zinazong'aa, chini ya jua lile lile, atapata mwanga uleule katika kila picha ukiwa umeweka mwenyewe 1/500, f/8 na ISO 100. Piga moja ya majaribio, irekebishe, kisha usiguse tena mpaka wingu lipite.

Kuhusu twiga wanaolishwa kwa mkono, kama wale wa Giraffe Centre kule Lang'ata: lenzi nyingi za 55-250 haziwezi kufokasi kitu kilicho chini ya karibu mita 1. Shata ikigoma, kamera si mbovu. Rudi nyuma hatua mbili, au funga ile lenzi fupi ya 18-55.

Kabla ya kuhamia kizimba kingine, rudisha kile kitufe cha mwanga kwenye sifuri. Kikibaki +1 kutoka kwa mbega, duma atakayefuata atatoka ameungua kwa weupe.