Maswali na Majibu: Je, sanamu yangu ya Henri IV ilichongwa enzi zake?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Lyon. Kwenye soko la vitu vya kale nimenunua sanamu ya marumaru nyeupe ya mfalme Henri IV wa Ufaransa, kichwa hadi kifuani, shingoni ana ile kola pana ya mikunjo. Muuzaji alidai ilichongwa mfalme akiwa hai. Nimekutumia picha. Ni kweli? Na madoa ya manjano, niyasugue kwa ndimu?

JIBU: Marahaba. Nakuomba sana, ndimu usiiguse, wala siki. Ndimu hung'arisha sinia za shaba, lakini marumaru ni ndugu wa chokaa: asidi huila papo hapo, inatoa povu, na ule mng'ao wa juu ukishaondoka haurudi. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa. Doa likigoma, liache.

Sasa umri wake. Picha ya tatu, nyuma ya sikio la kushoto, imenipa jibu. Kuna vitobo vitatu, kila kimoja kama kichwa cha pini, ambavyo havifuati mkondo wa nywele. Kimoja kingine kimejificha ndani ya mkunjo wa kola. Hizo ni alama za kupimia. Mchongaji alikuwa na kielelezo cha plasta. Kwa kifaa chenye sindano alipima kina cha kila sehemu, akatoboa jiwe kufikia kina hicho, kisha akapunguza hadi kwenye kitobo. Kifaa hicho kilienea kuanzia mwisho wa karne ya 18. Henri aliuawa 1610. Mimi naiweka sanamu yako karne ya 19.

Usivunjike moyo, hiyo si bandia. Mapinduzi ya Ufaransa yaliangusha sanamu ya Henri ya daraja la Pont Neuf, Paris, mwaka 1792; Wabourbon, ukoo wake wa kifalme, waliporudi madarakani wakasimamisha nyingine 1818, kwani yeye ndiye babu yao aliyependwa. Mwaka 1837 mfalme Louis-Philippe akafungua jumba la makumbusho katika kasri la Versailles, lenye sanamu nyingi za watu wa kale zilizoagizwa upya. Wachongaji wa wakati huo walirudia mavazi na mitindo ya zamani kwa makusudi, na wengine walikuwa hodari mno. Tazama kola yako ilivyochimbwa hadi mwanga unapenya kwenye ukingo!

Mgongo uliochimbwa usikudanganye: enzi zote mbili walichimba ili kupunguza uzito. Pua ndiyo inayonitia shaka: huenda ilichongwa upya baadaye. Izime taa, uimulike kwa tochi ya urujuanimno. Marumaru iliyokaa miaka mingi huonekana na mabaka ya manjano. Iliyokwanguliwa au kuchongwa karibuni huelekea zambarau.

Unapoigeuza, muwe wawili, maana kila lita ya jiwe hili ni kilo 2.7 hivi, na msiishike shingoni. Kagua ukingo wa chini nyuma ya bega: hapo ndipo wachongaji wengi waliweka sahihi na mwaka. Ukiona herufi hata mbili, nitumie picha yenye mwanga wa ubavuni.